Kompyuta tegemezi kwa ofisi na shule: chunguza adapta kabla ya mashine

Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wasomaji wengi wameniandikia juu ya jambo moja. Wenye steshenari, wakuu wa vyuo vidogo, mameneja wa SACCOS na wamiliki wa shule binafsi wanauliza wafanye nini na kompyuta ambazo Windows 11 inazikataa kwa kukosa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, au kwa prosesa yake kuwa ya zamani, na wengi wao wameshaambiwa dukani kwamba hakuna njia isipokuwa kununua mashine mpya zote. Waliothubutu kufuata njia nyingine, yaani kompyuta tegemezi zinazoendeshwa kwa programu huria zisizodai leseni ya kulipia, wamerudi na malalamiko ambayo kwa sehemu kubwa hayahusu programu wala kasi. Yanahusu adapta ya umeme. Kwa sababu hiyo nimezipanga mashine katika mwongozo huu kwa kigezo ambacho matangazo ya wauzaji hayakitaji kabisa.

Kompyuta tegemezi (thin client) ni kisanduku kidogo kisichohitaji diski yake. Kikiwashwa hupokea mfumo mzima kutoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu, kupitia kebo ya mtandao, na mafaili ya mtumiaji hubaki kwenye seva hiyo. Programu huria inayofanya kazi hii vizuri kuliko zote ninazozijua ni LTSP, iliyoanza mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2019. Fundi akirekebisha mfumo mara moja kwenye seva, mashine zote, hata zikiwa 20, hupata marekebisho hayo zinapowashwa tena, na mwalimu anayetumia Epoptes, programu ya kusimamia darasa, anaona skrini za wanafunzi wote akiwa mezani kwake. Asiseme mtu kwamba huu ni mpango wa wasio na uwezo, kwani jiji la Largo, katika jimbo la Florida nchini Marekani, liliendesha ofisi zake kwa kompyuta za aina hii na programu huria kwa miaka mingi.

Hesabu ya biashara inaanzia kwenye leseni. Ukifuata njia ya Windows, unalipia leseni ya seva, kisha unalipia tena leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa kinachoingia kwenye seva hiyo, na bado hujafika kwenye programu za ofisi. Ukitumia Linux, mfumo huria unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice, programu huria za ofisi, gharama hiyo yote inafutika. Baada ya leseni unakuja umeme. Chukua desktop 20 zinazokula wati 80 kila moja, saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi: hizo ni uniti 320. Kompyuta tegemezi 20 za wati 15, pamoja na seva ya wati 100, zitatumia uniti 80 kwa muda huohuo. Ukikadiria uniti moja kwa shilingi 350, umeokoa shilingi 84,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na monita sijazihesabu kwa kuwa zinahitajika kwa njia zote mbili.

Hata hivyo, leseni ikishaondoka, kinachobaki kukugharimu ni vifaa vyenyewe, na hapo ndipo adapta inapokula faida. Mashine nyingi za aina hii zinazofika Kariakoo ni mtumba uliotolewa katika ofisi za Ulaya, na mara nyingi visanduku husafiri bila adapta zake. Muuzaji hukutajia bei ya mashine, nawe hukubali, kisha unapoomba risiti ndipo unaposikia kwamba adapta inauzwa peke yake. Adapta unayopewa huwa ya vichwa vya kubadilisha, imeandikwa wati 65 ilhali haiwezi kutoa hata nusu yake. Mashine inawaka vizuri dukani, lakini ikifungiwa kibodi, kipanya na flashi na kuanza kufanya kazi ya kweli, inajizima na kujiwasha. Fundi asiyepima volti anaweka Linux upya, kisha anabadilisha kebo ya mtandao, na mwishowe anamwambia mwenye ofisi kwamba programu za bure hazifai. Nimesoma simulizi hii katika barua nyingi mno, na inaniudhi kwa sababu anayeumia ni mtu aliyefanya uamuzi sahihi.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza ni ya HP, nami sifichi kwamba naipendelea chapa hii. HP t620 yenye prosesa ya GX-415GA ina viini vinne, RAM yake inaweza kuongezwa, na ina tundu la VGA kwa ajili ya monita za zamani ambazo ofisi nyingi bado zinazo. Zaidi ya yote, inatumia adapta ya volti 19.5 ya aina ileile ya laptopu za HP. Maana yake ni kwamba adapta ikiungua Sumbawanga au Masasi, fundi wa laptopu wa karibu anaweza kuwa na nyingine, na kazi haisimami kwa wiki nzima ikisubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. HP t520 ni ndogo zaidi na prosesa yake ina viini viwili tu, lakini kwa kuandika barua, kujaza fomu na kufungua kurasa za kawaida inatosha ikiwa na RAM ya GB 4. Chini ya hapo sishauri, kwa kuwa LTSP ya sasa huendesha programu ndani ya mashine yenyewe na kivinjari hakina huruma na RAM.

HP t630 ina kasi kazini kuliko zote mbili. Nimeiweka ya pili kwa sababu nyingi zake zina DisplayPort pekee, aina mpya zaidi ya tundu la monita, kwa hiyo kila monita ya VGA itadai kigeuzi, na vigeuzi 20 vya bei ndogo ni matatizo 20 mengine.

Ya tatu ni Raspberry Pi 4. Inaweza kuwashwa kupitia mtandao, na tundu lake la mtandao ni la gigabiti halisi, tofauti na Pi 3 za awali. Inataka volti 5 na ampea 3 kamili. Ukiipa chaja ya simu, alama ya radi hutokea kwenye skrini kukuonya kwamba umeme hautoshi, na wanaoipuuza ndio wanaolalamika kwamba inagandaganda.

Dell Wyse 3040 ni ndogo kama kitabu cha mfukoni na inakula umeme kidogo sana, lakini ina RAM ya GB 2 iliyochomelewa kwenye ubao. Kibaya zaidi, ilitengenezwa kwa matoleo mawili yanayofanana kwa sura, moja la volti 5 na jingine la volti 12. Geuza kisanduku usome lebo kabla hujachomeka chochote. Ukilichomekea toleo la volti 5 adapta ya volti 12, unaweza kuliua papo hapo. Ikidai nywila ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, jaribu Fireport, nywila ya kiwandani, kwa herufi kubwa F.

NComputing L300 ni rahisi, lakini inaitegemea vSpace, programu ya kampuni yenyewe, hivyo haiingii katika mpango huu.

Seva isikutishe. Kompyuta ya kawaida yenye Core i5, RAM ya GB 16 na SSD inaweza kuhudumia chumba kimoja, mradi swichi, kisanduku kinachounganisha kebo zote za mtandao, iwe ya gigabiti. Seva ikizimika wote wanasimama, kwa hiyo UPS ya seva na swichi inunuliwe siku hiyohiyo.

Dukani, dai kila mashine iwashwe mbele yako kwa adapta utakayoondoka nayo, ikiwa na kibodi na flashi, kisha ingia BIOS uhakikishe haijafungwa kwa nywila na inakubali kuanzia kwenye mtandao. Adapta ziandikwe kwenye risiti ya EFD pamoja na mashine, pamoja na volti na wati zake. Kwa mashine 20, ongeza adapta 3 za akiba za aina hiyohiyo, na uzijadili kabla hujakubali bei ya visanduku, kwa sababu ukishalipa, muuzaji hana tena sababu ya kupunguza.