Shahada ya biashara Dodoma: chuo gani kwanza?

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali linalonijia kwenye simu ni lile lile: "Shangazi, niende UDOM au CBE?" Yaani Chuo Kikuu cha Dodoma au Chuo cha Elimu ya Biashara. Mwaka jana aliuliza mtoto wa kaka yangu, kijana wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu). Tulikaa mezani nyumbani Chang'ombe na daftari, nikamwambia aandike kwanza kazi anayoitaka, chuo tutakiona baadaye.

Mimi nilianza na chuo. Nilijaza kozi ya uongozi wa biashara kwa kuwa jina lilinivutia, na kumbe moyo wangu ulikuwa kwenye uhasibu. Nilipotaka CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, nikakuta mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, mimi naanzia chini. Ada ya mitihani ile ya ziada niliilipa kutoka kwenye mshahara wangu wa kwanza kabisa, na bado inaniuma. Ugavi nao una bodi yake, PSPTB, na huwezi kuifanya kazi ile kihalali bila kusajiliwa. Kwa hiyo soma jina la kozi kwa makini kuliko jina lililoandikwa getini.

Nafasi ya kwanza naipa UDOM, kwa anayetaka uhasibu, fedha au masoko na bado hajajua atafika wapi. Ni chuo cha serikali kilichoanza 2007, kina uwanja mpana wa masomo, na ukihitaji mwalimu wa uchumi au wa kompyuta unampata humo humo. Tatizo lake ni umbali. Kiko nje ya mji upande wa Chimwaga, majengo yametawanyika, na ukikosa hosteli utapanga chumba Ng'ong'ona au mbali zaidi. Mzazi apige hesabu ya kodi, godoro, nauli na chakula cha mwezi wa kwanza, kwa sababu bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, linaweza kuchelewa na njaa haisubiri.

Ya pili ni CBE, kampasi ya Dodoma. Kwa ugavi, au kwa mtu mwenye damu ya biashara, mimi naipandisha juu ya UDOM. CBE ni ya tangu 1965, Dodoma ilifika 1983, na iko mjini, unatoka darasani unaingia sokoni. Ndicho chuo kinachofundisha pia mizani na vipimo, jambo ambalo watu hawalipi uzito. Niliwahi kusimama soko la mahindi la Kibaigwa nikimtazama binti wa fildi (mafunzo kwa vitendo), daftari kwapani, akisubiri gunia lipande kwenye mzani. Mkulima alikuwa amezoea lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu na linauzwa kama gunia moja. Yule binti akamsomea kilo, akazidisha kwa bei, akamwonyesha karatasi. Mzee aliitazama ile tofauti kimya kwa muda mrefu. Elimu ya biashara ninayoitaka kwa watoto wetu ndiyo hiyo.

Ya tatu ni Chuo cha Mipango. Wengi wanakipita wakidhani ni cha maafisa mipango tu, kumbe kina shahada ya fedha za maendeleo na upangaji wa uwekezaji. Anayejiona halmashauri au kwenye miradi asikiache.

St. John's, chuo cha Kanisa Anglikana kilichopo ilipokuwa Mazengo Sekondari, naiweka ya nne kwa sababu moja tu, ada ya chuo binafsi. Mtoto anayehitaji kuangaliwa kwa karibu anaweza kustawi pale. Omba ankara nzima ya miaka 3, ada pamoja na michango yote, kabla hujakubali. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, unaweza kukupata hata huko, ila usiupangie matumizi kabla haujatoka.

Singida kuna kampasi ya TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania), nzuri kwa uhasibu na ugavi, hasa kama nyumbani ni huko na utalala kwenu. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo ni kwa aliyeamua kabisa kuwa anataka fedha za serikali za mitaa.

Sifa ya chini ni principal pass 2 (masomo mawili yenye daraja A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, lakini kozi nyingine zinadai somo fulani, kwa hiyo fungua kitabu cha TCU, tume ya vyuo vikuu, usome mstari wa kozi yako. Omba vyuo zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa, na asikushikie simu mtu wa stesheneri akuthibitishie anachotaka yeye.

Kijana wetu alithibitisha CBE, ununuzi na ugavi. Barua ya kuomba fildi Kibaigwa ameshaniletea niisome.