Kikomo cha siku au hesabu ya hadharani: dawa za akili katika makao ya wazee

Mzee mwenye dimenshia, maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na fahamu, ambaye kila baada ya Magharibi hutoka uani kulitafuta dau lake lililokwisha kuoza, anaweza kutulizwa kwa kidonge cha haloperidoli, dawa ya akili, au kwa mtu wa kumshika mkono akazunguka naye. Kwa sisi wa Unguja na Pemba, ambako wengi huuguzwa nyumbani na wachache huishi katika makao kama Sebleni, Welezo na Limbani, inafaa kutazama njia mbili za kupunguza dawa hizo zilizotumika Marekani, ambako sheria ya mwaka 1987 ilikataza kumlevya mkaazi wa makao kwa dawa ili kuwapunguzia wahudumu kazi.

Njia ya kwanza ni kikomo: tangu 2017, dawa ya saikosisi (hali ya kuona au kuamini yasiyokuwepo), kama haloperidoli, iliyoandikwa itumike pale inapohitajika tu hukoma baada ya siku 14, na haiandikwi upya mpaka daktari amuone mgonjwa mwenyewe. Ya pili ni kutangaza hadharani asilimia ya wakaazi wanaomezeshwa dawa hizo. Kuanzia 2012 kiwango kilishuka sana, lakini kwa kuwa wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaotibiwa kwa dawa hizo, hawakuhesabiwa, baadhi ya makao yaliwaandikia wazee ugonjwa huo bila ushahidi wa kutosha.

Mimi naelemea kikomo, ingawa kinadai daktari anayefika kweli, na kisiwani si kila wiki hupatikana; hesabu hudanganyika kwa kalamu tu.