Muuguzi wa Jumanne: tathmini ya huduma ya uuguzi wa nyumbani inayoendelea kwa simu

Mama yangu ana umri wa miaka 71 na anaishi Chumbageni, mjini Tanga, pamoja na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, nami nafanya kazi Dar es Salaam. Mwezi Machi kiatu kilimchubua kisigino cha mguu wa kushoto, na kwa kuwa kisukari cha miaka 14 kimemwachia ganzi ya miguu, hakuhisi chochote mpaka mpwa wangu alipoona doa la damu kwenye mkeka wa kuswalia. Hospitali walisafisha kidonda na kuagiza kifungwe upya kila baada ya siku moja. Kwa wiki tatu tulimpeleka kwa bajaji, akakaa kwenye benchi saa nyingi huku mguu ukining'inia na kuvimba, hadi tukaamua kutafuta muuguzi binafsi wa kuja nyumbani. Jina la watoa huduma tuliowapata silitaji, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwao wenyewe.

Mkataba wao ni wa namna hii: muuguzi huja kila Jumanne kwa shilingi 35,000, na kwa shilingi 70,000 za ziada kwa mwezi huendelea kumfuatilia mgonjwa kwa simu siku zote zilizobaki. Vipimo vya sukari na presha hutumwa kwa WhatsApp kila asubuhi kabla ya saa mbili, Alhamisi na Jumapili huwa na simu ya video, na usiku ipo namba ya dharura inayopokelewa kwa zamu. Jumla ni shilingi 210,000 kwa mwezi wenye Jumanne nne, mbali na gozi ya kufungia kidonda, dawa na vijiti vya kupimia sukari, na kwa familia ya watoto watatu wanaochangiana si fedha ndogo. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kuhusu zile shilingi 70,000, ambazo ndugu yangu mmoja aliziita malipo ya kupigiwa simu.

Siku ya kwanza muuguzi alikaa kwetu saa mbili kamili. Alitangulia kuonyesha leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga bila kuombwa, kisha akaanza kazi ambayo nilikuja kuielewa baadaye kuwa ndiyo msingi wa kila simu iliyofuata. Aliweka vidole viwili upande wa juu wa mguu kutafuta mapigo ya damu, akalinganisha joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja, akagusagusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki huku mama amefumba macho, akiandika mahali alipohisi na mahali ambapo hakuhisi. Mashine yetu ya presha aliipima sambamba na ya kwake na kugundua kwamba mkanda ni mdogo kwa mkono wa mama, kasoro inayofanya presha isomeke juu kuliko ilivyo. Kumbe miezi yote tuliyokuwa tukihangaika na namba zile, sehemu ya tatizo ilikuwa mkanda! Tulinunua mkubwa, na mama akafundishwa kutulia dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuzungumza. Kutozungumza ndiko kulikomshinda kwa wiki mbili za mwanzo.

Jambo ambalo nisingeweza kulifanya mimi mwenyewe kwa simu, hata ningempigia mama mara tano kwa siku, ni kuuliza. Mimi nikipiga husema shikamoo, naye huitikia marahaba. Nikimuuliza hali, hujibu kuwa hajambo kwa uwezo wa Mungu, na hata angekuwa na homa angejibu hivyohivyo, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa na ndivyo lugha yetu inavyomtaka mtu mzima ajibu mbele ya mtoto. Muuguzi humwamkia vilevile kwa adabu zote, lakini haichukulii salamu kuwa ni taarifa. Humuuliza aliamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, jana alikula nini na saa ngapi, viatu gani alivaa kwenda msibani, na kama shuka lilikuwa na unyevu wa jasho alfajiri. Kwa maswali hayo alijua katika wiki ya pili kwamba mama alikuwa akiruka chakula cha usiku ili sukari ya asubuhi isome vizuri kwenye daftari, siri ambayo hata mpwa wangu anayelala chumba kimoja naye hakuwa ameitambua.

Picha za kidonda nazo zina taratibu zake. Hupigwa asubuhi karibu na dirisha, kamwe si chini ya taa ya usiku, huku rula imewekwa kando ya kidonda na simu imeshikwa urefu uleule kila siku, ili upungufu wa hata milimita mbili uonekane. Ngozi ya mama ni nyeusi na wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo muuguzi alimfundisha mpwa wangu kutafuta ngozi iliyogeuka rangi, iliyokaza na yenye joto, na kila Jumanne huchora kwa kalamu mstari kuuzunguka mpaka wa ngozi hiyo. Picha ya Alhamisi haihitaji ufafanuzi: ama hali imebaki ndani ya mstari, ama imeuvuka. Kamera hainusi, kwa hiyo mpwa wangu huulizwa pia kuhusu harufu ya gozi iliyotolewa, na baada ya miezi mitano amekuwa mjuzi wa kuipambanua harufu ya kawaida na ya usaha kiasi cha kuzungumza habari hizo mezani wakati wa chakula, bila kujali walaji.

Usiku mmoja wa Juni, yapata saa tano na nusu, mama alianza kutetemeka na kutokwa jasho. Kipimo cha sukari kilisoma 3.2, yaani ilikuwa imeshuka mno, maana alichoma insulini kama kawaida kisha akanywa uji nusu bakuli tu. Zamu ya usiku huo, kwa bahati, ilikuwa ya muuguzi wake mwenyewe. Alimwelekeza mpwa wangu akoroge vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, mama anywe akiwa ameketi, asiachwe alale, na apimwe tena baada ya dakika 15. Katika dakika hizo hakukata simu. Alizungumza na mama kuhusu bei ya samaki, na nilipoeleweshwa baadaye nikajua kwamba huo ulikuwa ndio uchunguzi wenyewe, kwa kuwa alikuwa akisikiliza kama maneno yanatoka sawasawa au mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa. Kipimo cha pili kilisoma 4.6, ndipo akaagiza mkate na maharage. Asubuhi yake hakubadilisha kipimo cha insulini kwa uamuzi wake, jambo lililonipa imani zaidi: alimpelekea daktari daftari la wiki nzima, na ni daktari aliyepunguza yuniti 2 katika dozi ya jioni.

Basi linganisheni na Jumamosi moja ya Julai. Picha ya asubuhi ilionyesha uvimbe umeuvuka mstari wa kalamu kwa upana wa kidole, na gozi ilikuwa na harufu. Zamu ilikuwa ya muuguzi mwingine, ambaye hakuwahi kumwona mama wala, kama tulivyobaini baadaye, hakufungua kumbukumbu zake. Aliuliza kama mguu unauma. Mama akasema hauumi, jibu la kweli kabisa kwa mtu mwenye ganzi, na kwa jibu hilo tukaambiwa tusubiri Jumanne. Mpwa wangu hakuridhika. Aliita bajaji kwa simu, akampeleka bibi yake hospitali, na huko walikuta maambukizi yaliyohitaji sindano za antibaiotiki kwa siku saba. Muuguzi wetu aliporudi alikuja Jumapili hiyohiyo bila malipo na kuomba radhi. Kosa halikuwa lake, na radhi ilipaswa kutoka ofisini, ambako ilichukua siku tisa.

Kuhusu mtandao sina mengi ya kusema. Video hukatika mvua ikinyesha, na hapo hutumika simu ya kawaida na picha hufuata baadaye. Umeme ulipokatika siku mbili mfululizo alielekeza insulini iliyokwisha kufunguliwa iwekwe ndani ya kopo kavu, kisha kopo ndani ya mtungi wa maji ulio kivulini, na ikafaa. Linalonisumbua ni picha. Mguu wa mama yangu umo katika simu binafsi ya muuguzi pamoja na picha za wagonjwa wengine, ilhali sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Nilipouliza picha zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini, nilijibiwa kwamba nisiwe na wasiwasi. Hilo si jibu.

Kisigino kimebaki na kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, kutoka upana wa sarafu ya shilingi 200. Mwenye mgonjwa anayehitaji kugeuzwa kitandani kila saa mbili asitegemee huduma hii, kwa sababu huyo anahitaji mikono usiku na mchana. Vilevile nyumba isiyo na mtu wa kushika simu, kusoma namba na kusema ukweli itapoteza fedha zake. Kwetu sisi nusu ya kazi imefanywa na binti wa miaka 18, ambaye hayumo katika mkataba na halipwi na yeyote zaidi ya bando ninalomnunulia.

Tumelipia miezi mitatu mingine, kwa sharti kwamba zamu za Jumamosi na Jumapili zipokelewe na muuguzi aliyewahi kuingia nyumbani kwetu na kuugusa mguu ule. Sharti hilo wameliongeza kwa kalamu chini ya mkataba na kulipigia muhuri. Muuguzi wa zamu mpya alikuja wiki iliyopita kujitambulisha, akamwamkia mama, akamuuliza hali yake, naye mama akamjibu kuwa hajambo kwa uwezo wa Mungu.