Katriji ya santuri isiyochoma masikio: pima waya kwanza

Malalamiko ya wenye mashine za santuri hapa Dar ni yale yale: matoazi yanachoma, "s" ya mwimbaji ni kali kama wembe, na katriji (kile kichwa kidogo chenye sindano kinachosoma santuri) imeshabadilishwa mara mbili. Kabla ya kununua ya tatu, angalia waya unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye ampu (kikuza sauti).

Katriji nyingi hutumia sumaku inayocheza mbele ya koili zenye mizunguko mingi. Koili hizo zikiungana na kapasita ya waya na ya ampu (chaji inayohifadhiwa humo, hupimwa kwa pikofaradi), huzaa mwinuko kwenye sauti za juu. Katriji ya Ortofon 2M Red ina koili ya milihenri 700 (kipimo cha nguvu ya koili), na Ortofon wenyewe wanataka jumla ya pikofaradi 150 hadi 300. Ikiwa kwenye 150, haina mwinuko wa kusumbua. Ipe 500, mwinuko unajitokeza kati ya kilohezi 7 na 9, palepale penye matoazi na "s". Kufika 500 si kazi: waya wa kawaida wa sauti, wenye plagi za RCA, una kama pikofaradi 100 kwa mita, kwa hiyo mita 3 ni 300, na ampu nyingi zinaongeza 100 hadi 220 kwenye tundu la fono, yaani la kuingizia santuri.

Kupima ni rahisi. Tumia mita yenye kipimo cha kapasita, chomoa waya kwenye ampu, ondoa katriji kwenye mkono wa mashine unaoibeba (ukiiacha, koili itaharibu kipimo), kisha pima kati ya pini ya katikati ya plagi na ganda lake la nje. Jumlisha na namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha ampu. Ikizidi kiwango cha katriji yako (300 kwa 2M Red), nunua waya wa nusu mita na usogeze ampu karibu.

Chaguo langu la kwanza ni Grado Prestige Black, na sioni haya kuipendelea. Koili yake ni milihenri 45 tu. Hata kwenye pikofaradi 500 mwinuko wake unakwenda juu ya kilohezi 30, wakati sikio la binadamu linaishia 20. Sauti ya katikati ni nene, gitaa na saksafoni za dansi la zamani zinakaa vizuri, na sindano inabadilishwa bila kutupa mwili wa katriji. Ila haina kinga ya kutosha dhidi ya sumaku. Mkono wa mashine ukikaribia mota yake, hasa mashine za zamani za AR (Acoustic Research), unasikia mvumo unaoongezeka. Jaribu kabla ya kulipa: mota ikizunguka, sogeza mkono kuelekea katikati bila kushusha sindano.

Mvumo ukikushinda, chukua Nagaoka MP-110. Ni laini, ina milivolti 5, sindano inakandamiza santuri kwa gramu 1.8, na inataka waya mfupi kweli: pikofaradi 100.

Ortofon 2M Blue inaonyesha zaidi kuliko inavyolainisha. Ukiwa tayari na Red, sindano ya Blue inaingia kwenye mwili huohuo. Denon DL-103 ni nene na inapendeza, lakini milivolti 0.3 zinahitaji trafo ya kukuza ishara au fono ya pekee, na mashine yenye mkono mzito.

Za bei ya chini: AT3600L ya Audio-Technica, inayokandamiza kwa gramu 3.5, inatosha kwa santuri zilizokwisha kuchakaa.

Sasa wauzaji. Ukiuliza pikofaradi Kariakoo unajibiwa "hii ni original, bosi". Sindano zinauzwa kwenye mifuko ya nailoni, bila boksi, bila jina, na ukiomba kioo cha kukuzia uone kama almasi ya ncha ya sindano imekaa wima, unaambiwa ukishafungua umenunua. Ukiagiza nje, VAT ya asilimia 18 inakusubiri hapa kabla hujakabidhiwa mzigo. Hivyo uliza jambo moja kabla ya kutoa hela: sindano ya akiba ya mwili huu ipo dukani leo? Wakisema "tutakuagizia", acha mwili huo kwenye kabati lao.