Fundi wa vioo kule Barani, Malindi: kanitobolea tanki la samaki matundu matatu

Siku ya kwanza huyu fundi alikataa kulitoboa tanki langu, na kwa hilo tu nilishaanza kumuamini. Manake wa kwanza niliyempelekea, duka jengine kabisa ambalo sitalitaja, hakuuliza swali hata moja, alichomeka drili kwenye stima akainama akaanza, na haikufika dakika mbili kioo chote cha chini kikalia paa! kikawa punje punje kama chumvi ya mawe, sakafu nzima. Hakuna aliyeumia alhamdulillah, lakini nilirudi nyumbani na tanki lisilokua na chini, na samaki kumi na wanne waningoja ndani ya pipa la bluu.

Niseme kwanza kwanini nilitaka kutoboa, watu wengi wameniuliza si ungeliacha tu vile lilivyo. Tanki lenyewe ni sentimita 120 kwa 45 kwa 50, hio ni lita 270 likijaa mpaka juu, nililinunua mkono wa pili kwa jamaa aliyekua anahama. Nafuga mbuna, wale samaki wa rangi rangi wa Ziwa Malawi, wanapenda maji magumu na kisima chetu maji yake yamepita kwenye mawe ya matumbawe kwa hio siongezi chochote, wanastawi. Shida ilikua njia ya maji kushuka kwenda tanki la pili lililo chini yake lenye vichujio, ambako pampu huyarudisha juu. Nilikua natumia kile kisanduku kinachoning'inizwa mgongoni mwa tanki, maji yanapanda ndani ya bomba lililopindwa kama U alafu yanashukia upande wa pili. Chafanya kazi vizuri mpaka siku hewa iingie kwenye lile bomba. Stima ikipotea pampu inasimama, stima ikirudi pampu inaamka yapeleka maji juu, lakini bomba likiwa limeshika hewa hakuna kinachoshuka, na pampu haijui, yaendelea tu kusukuma mpaka la juu linafurika. Imenitokea mara mbili, mara ya pili ilikua saa tisa usiku na maji yalifika mpaka chini ya zulia la mama chumba cha pili. Tundu kwenye kioo halina habari ya hewa. Maji yakifika usawa wake yanashuka yenyewe, stima iwepo isiwepo.

Sasa fundi. Karakana yake ni ya mabati, mbele kumeegemezwa vioo vya madirisha na fremu za alumini, kazi yake kubwa ni madirisha na makabati ya maduka. Mimi nilielekezwa na dereva wa tuktuk. Ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo ami, akaitikia, na kabla hajauliza bei wala nini akatuambia tulitie tanki kivulini asiliguse mtu mpaka lipoe, kwa vile tulilileta juu ya mkokoteni jua la saa saba. Akasema kioo kilichopata moto ukikimwagia maji ghafla ukakitia na drili, wakitafutia sababu ya kupasuka. Hilo sikuwahi kulisikia na sasa naliona ni jambo la kwanza kabisa.

Alafu akaniuliza, "Mwanangu, hiki cha nyuma ni kioo cha namna gani?" Nikamwambia ami mimi najua kioo ni kioo. Akanyamaza, akapitisha kidole kwenye pembe zote akitafuta muhuri, vioo vya tempadi, vile vinavyopasuka punje punje, mara nyingi vina kimuhuri kidogo pembeni ila sio lazima kiwepo, na changu hakikua na kitu. Basi akasema, "Nenda uje kesho na laptopu. Sitobowi kitu nisichokijua."

Kesho yake nikaja nayo, na hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu mtu yeyote aweza kujipimia nyumbani. Ana miwani ya polaraizi, ile wanayovaa manahodha wa boti za utalii wa uvuvi ili waone ndani ya maji bila mng'ao, kapewa na mpwa wake anayefanya kazi huko. Tukafungua ukurasa mweupe kwenye laptopu, mwangaza mpaka mwisho. Akashika miwani mkononi akaizungusha polepole mbele ya skrini mpaka ile nyeupe ikawa nyeusi. Akatoa kwanza kioo cha mlango wa gari, kile cha pembeni, akakiweka katikati ya skrini na miwani, na ndani ya ule weusi yakatokea madoa madoa na mistari ya rangi kama mafuta yakimwagika juu ya maji. Akasema hio ndio tempadi, kioo kilichochomwa kikapozwa kwa ghafla, nje kimejibana na ndani kinavutana, ukikitoboa mahali pamoja chote kinaachia mara moja. Alafu tukaliweka tanki, kioo cha nyuma, weusi mtupu hakuna doa. Cha kulia vivyo hivyo, cha kushoto, cha mbele, vyote vya kawaida. Kumbe cha chini peke yake ndicho kilikua tempadi, matanki mengi ya kiwandani ndivyo yalivyo, na ndicho hicho hicho yule wa kwanza alichokirukia. Nilihisi uchungu upya. Dakika tano za kupima zingeniokoa na hasara yote.

Kazi ya kwanza ikawa kuweka chini mpya. Akakata kioo cha kawaida cha milimita 12, silikoni ya zamani akaikwangua yote kwa wembe mpaka ukipitisha kucha huhisi kitu, akafuta kwa spiriti. Silikoni nilinunua mwenyewe, na nawaambia someni chupa: msichukue ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile dawa ni sumu kwa samaki. Tukaiacha wiki nzima ikauke. Hapo ndipo nilipokereka kidogo, nitasema mbele.

Siku ya kutoboa nilikaa pale kuanzia saa mbili asubuhi. Alililaza tanki juu ya godoro la sponji, mgongo juu. Akaniuliza konekta ziko wapi, nikampa, zile tank konekta za plastiki za inchi moja ambazo mafundi wa mabomba wanafungia kwenye matanki ya maji ya juu ya nyumba, hizo hizo zafaa, ila msinunue za shaba, shaba yaingia kwenye maji na samaki hawaiwezi. Akapima uzi wake kwa kaliperi ukatoka milimita 33 na kitu, akachagua biti ya 35. Yani hakuchukua neno la duka kwamba hii ni inchi moja, alipima chenyewe kitakachopita kwenye tundu. Alafu akaweka alama, na akanionyesha kwamba kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa kioo pasibaki chini ya upana wa tundu lenyewe, kwa hio kwangu si chini ya 35, yeye aliacha kama sentimita 5 kuwe na nafasi. Matundu mawili ya kushukia upande wa kulia na moja la kurudishia upande wa kushoto.

Biti yenyewe haina meno. Ni kama kipande cha bomba kifupi, mdomo wake umepakwa vumbi la almasi, haikati inasaga. Akabana kipande cha plaiwudi chenye tundu la kipimo hicho hicho ili biti isiteleze pale mwanzo, akazungushia ukuta mdogo wa ule udongo wa kuchezea watoto ukawa kama kibirika, akamimina maji ndani. Upande wa ndani wa kioo kabandika tepu. Drili akaiweka mzunguko wa chini na akahakikisha mara mbili kwamba ule mpigo wa nyundo umezimwa, ule wa kutobolea ukuta. Miwani ya macho, barakoa, alafu akaanza.

Sikwambii utulivu wake. Hasukumi kabisa, uzito wa drili ndio unaofanya kazi, na kila baada ya muda mfupi anainua kidogo maji yaingie chini ya biti. Yale maji yakawa meupe mazito kama tui la kwanza, kijana wake anayachota kwa kikombe anatia mengine safi. Yule wa kwanza alitoboa kikavu, vumbi la kioo latimka tunalivuta sote, kwa huyu hata harufu hakuna. Kila tundu lilichukua kama dakika kumi na mbili kwa kioo cha milimita 10. Karibu na mwisho sauti ilibadilika, ikawa nyembamba, akaniinulia kidole kama kuniambia sikiliza, na hapo akapunguza mkono mpaka nikadhani ameacha. Kikatoka kisahani cha kioo cha mviringo kimeshikwa na tepu, hata hakikuanguka. Akasugua kingo kwa msasa wa maji.

Tundu la tatu lilimeguka kidogo upande wa ndani, kama milimita 3. Mimi nisingeliona. Aliniita mwenyewe akaliweka kidole, akasema hili limemeguka lakini raba ya konekta italifunika, ukiona lavuja nirudishie. Nimeshazoea mafundi wa kuficha, huyu alinionyesha, na mpaka leo miezi miwili halijatoa hata jasho.

Mabomba nilifunga mwenyewe nyumbani lakini alinipa maneno mawili yaliyonisaidia. Raba ya konekta ikae upande wa ndani wenye maji, na usipake silikoni juu yake, raba yateleza ikipakwa. Nati kaza kwa mkono mpaka igome alafu robo mzunguko tu, ukizidisha na spana kioo ndicho kitakacholipa. Kati ya yale mabomba mawili ya kushukia, moja nimelitia geti valvu, koki ya kubania maji, na nimelibana mpaka limejaa maji tupu bila hewa, kwa hio halipigi ile kelele ya choo kikivutwa. La pili mdomo wake uko juu kidogo, kazi yake ni kusubiri tu, siku konokono au jani likiziba la kwanza maji yapitie huko. Msilitie valvu hilo la pili, hata kwa bahati mbaya.

La kurudishia ndilo watu wengi wanalikosea. Pampu ikizimika maji ya tanki la juu yanarudi nyuma kupitia bomba hilo hilo mpaka mdomo wake upate hewa. Kwa tanki la ukubwa wangu kila sentimita moja ya maji ni lita 5.4, kwa hio mdomo ukiwa umezama sentimita 3 zinateremka lita 16 hivi, ukiwa umezama 20 ni zaidi ya lita 100 na tanki la chini halitazipokea. Mdomo wangu umezama 3, na nimetoboa kitundu kidogo kwenye elbo, ile kona ya bomba, karibu na uso wa maji kivute hewa mapema, nakisafisha kila Jumamosi kwa kijiti manake mwani hukiziba. Wengine hutia valvu ya kuzuia kurudi wakalala, mimi siitegemei, konokono mmoja tu akikaa pale haifungi.

Bei. Kutoboa shilingi 1,000 kwa tundu, kioo cha chini na kazi yake 5,500, jumla 8,500 mbali na silikoni yangu. Kuna watakaosema ghali, mjini utapata wa kukutobolea kwa 300. Mimi nimeshamlipa wa rahisi na kilichobaki ni punje.

Yasiyonifurahisha ni haya. Aliniambia wiki moja ikawa siku kumi na mbili, simu hapokei akiwa kazini, nilienda mara mbili bure kwa tuktuk. Hatoi risiti mpaka uombe. Na anasema wazi kabla hajaanza kwamba kioo kikipasuka mikononi mwake anapunguza pesa ya kazi tu, kioo ni juu yako. Hilo halikunipendeza lakini angalau nililisikia kabla, sio baada.

Kabla ya kurudisha samaki nilijaza maji nikaliacha uwani siku mbili, karatasi za tishu nimezizungusha kwenye kila konekta na chini kote, zikabaki kavu. Alafu nikawa nazima pampu na kuwasha, kuzima na kuwasha, nadhani mara ishirini, tanki la chini likipanda na kusimama pale pale kila mara. Jumapili iliyopita stima ilipotea usiku tumelala, ikarudi alfajiri. Mama ndiye aliyeamka kwanza kuangalia zulia lake, akarudi akaniambia, "Kukavu."

Ukienda, lipeleke tupu na ubebe watu wawili, tanki kama hili peke yake ni karibu kilo 60. Peleka konekta zako mkononi, usimpe kipimo cha mdomo. Ijumaa anafunga saa sita hafungui mpaka baada ya alasiri.