Miezi mitatu na Kiokoa Data cha Android

Kwa muda mrefu bando langu la mwezi lilikuwa likikata karibu na tarehe 20, nami niliamini kwamba chanzo ni video ninazotazama usiku. Dhana hiyo ilinitoka siku nilipofungua sehemu ya matumizi ya data katika mipangilio ya simu. Humo kila programu imeorodheshwa pamoja na kiasi ilichotumia, na ukiigusa unaona ni kiasi gani kilitumika ukiwa umeifungua na ni kiasi gani kilitumika chinichini, skrini ikiwa imezimwa au wewe ukiwa kwenye shughuli nyingine. Programu moja ya kuhifadhi picha, ambayo mwezi ule sikuifungua hata mara moja, ilikuwa imekula GB 1.4, kwa kuwa ilipandisha mtandaoni kila video niliyopokea kutoka kwenye makundi ya ndugu na marafiki. Kwa kweli niliumia.

Ndipo nilipowasha Kiokoa Data, kipengele kilichoingia katika Android 7.0 mwaka 2016. Kazi yake ni kuzizuia programu zisitumie data ya simu zikiwa chinichini, na kuziashiria zipunguze matumizi hata unapokuwa umezifungua. Mwezi wa kwanza tu bando lilinifikisha tarehe 27.

Hata hivyo, asitarajie muujiza mtu ambaye matumizi yake makubwa ni video anazozifungua mwenyewe. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban MB 450 kwa saa, ilhali muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde hutumia kama MB 43 tu kwa muda uleule. Ubora wa video hupunguzwa ndani ya programu yenyewe, na hapo ndipo nilipookoa data nyingi zaidi: mazungumzo na taarifa za habari nayatazama kwa 360p bila kukosa chochote, na 720p nimeiachia masomo yenye maandishi madogo. Kwenye WhatsApp nimezima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video ninapotumia data ya simu, hivyo nagusa ile ninayoihitaji tu.

Kasoro niliyokutana nayo ni ucheleweshaji. Siku ya nne, barua pepe ya kazini iliyotumwa asubuhi niliiona adhuhuri, nilipoifungua programu kwa mkono wangu. Dawa yake ipo palepale kwenye ukurasa wa Kiokoa Data, katika orodha ya programu zinazoruhusiwa kutumia data bila kuzuiwa, ila ukiijaza orodha hiyo utarudi ulikotoka. Yangu ina programu mbili, ya barua pepe na ya ujumbe. Ile ya picha husubiri hadi nifike penye Wi-Fi.