Vitambaa vya Eastleigh: bado narudi

Mimi ni fundi wa nguo za harusi, na huu mwaka wa tisa nanunua vitambaa Eastleigh, Nairobi. Zamani mtaa huu ulijaa Wahindi. Vita vya Somalia vya 1991 vilipoleta wakimbizi, vyumba vya kulala vya Garissa Lodge, nyumba ya wageni ya hapa mtaani, vikageuka maduka, na hadi leo maduka mengi ni madogo kama kabati.

Mama ninayenunua kwake dirac, gauni jepesi la Kisomali, hakuharakishi. Anainua kitambaa kwenye mwanga, ananishika kidole na kukipitisha kwenye uzi: "Abaayo (dada), usinunue kwa macho." Jirani yake ni Muoromo, anauza kahawa yenye tangawizi, anayembebea mizigo ni Mkamba. Wote wanapatana bei kwa Kiswahili.

Mchana nakula wali na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni. Ndizi huliwa pamoja na wali, kila tonge. Sasa wali bila ndizi nauona una upungufu.

Duka moja lilinipunja nusu mita, kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kulipa. Ijumaa adhuhuri usiende, wengi wako msikitini.